Darasa la Sinodi ya Whitby, Upanga: hesabu imenyooka, kabrasha lina kosa

Darasa hili la Jumamosi huchukua saa tatu kwenye ukumbi mdogo huko Upanga, na wengi wanaohudhuria ni makatekista, wazee wa kanisa na wanafunzi wa teolojia. Ada ni shilingi 15,000, chai na kabrasha humohumo. Mada ni moja: mwaka 664 mfalme Oswiu wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza ya leo, aliwakutanisha maaskofu na watawa kwenye monasteri ya abesi Hild, Whitby, ili wafuasi wa desturi ya Roma na wale wa Iona, kisiwa cha watawa wa Kiairishi huko Uskoti, wawe na tarehe moja ya Pasaka. Kwa mji ambao Idi huweza kusaliwa siku mbili kwa sababu ya mwandamo, na ambao Waorthodoksi wake mwaka 2024 walikuwa na Pasaka tarehe 5 Mei ilhali Wakatoliki na Walutheri walishaimaliza 31 Machi, mada hii haihitaji kutetewa.

Kinacholipa ada yako ni hesabu. Mwezeshaji hakuachi usikilize tu, unashika kalamu. Kanuni ya Dionysius, mtawa wa karne ya sita, iliyotetewa na upande wa Roma, inakwenda hivi: chukua 664, gawanya kwa 19, unapata 34 na baki 18. Ongeza 1 kwenye baki, inakuwa 19. Kwenye jedwali la mzunguko wa miaka 19, namba 19 iko na 17 Aprili, ndiyo siku ya 14 ya mwezi mwandamo. Mwaka ule ilikuwa Jumatano, kwa hiyo Pasaka ni Jumapili iliyofuata, 21 Aprili. Kosa la kawaida ni kusahau ile 1: unasoma mstari wa 18, wenye 29 Machi, na Pasaka yako inatua 31 Machi, wiki tatu kabla ya wakati.

Upande wa Iona ulitumia mzunguko wa miaka 84, na mwezi wa kwenye hesabu yao ulipishana na mwezi wa angani kwa zaidi ya siku moja kila mzunguko ulipoisha. Mzunguko wa miaka 19 hupoteza siku moja kwa takriban miaka 300. Tofauti nyingine ni mipaka: Iona walikubali Jumapili yoyote kati ya siku ya 14 na ya 20 ya mwezi, Roma kati ya 15 na 21. Siku ya 14 ikiwa Jumapili, Iona wanasherehekea, Roma wanangoja wiki nzima. Ndiyo maana Beda, mtawa na mwanahistoria wa karne ya nane, anasimulia kwamba ilitokea mfalme amekwisha kufungua na yumo kwenye Pasaka, huku malkia Eanflæd, aliyefuata desturi ya Kent, yaani ya Roma, bado yuko Kwaresima, kwenye Jumapili ya Matawi. Sehemu hii imefundishwa vizuri sana.

Kabrasha ndilo linaloangusha. Ukurasa wa tatu unadai kwamba Waairishi walisherehekea siku ya 14 hata ikiwa Jumanne au Alhamisi. Si kweli. Nao walingoja Jumapili, na Beda mwenyewe, ambaye alikuwa upande wa Roma, anamtetea Aidan, mtawa wa Iona aliyekuwa askofu wa Lindisfarne, kwa jambo hilo. Kosa hili linawageuza kuwa wazushi watu waliokuwa na jedwali la zamani tu. Lirekebishwe kabla ya kundi lijalo.

Kisha mjadala unasomwa kwa zamu. Colman, askofu wa Lindisfarne na msemaji wa upande wa Iona, anasimama na mtume Yohane na Columba, mwanzilishi wa Iona, Wilfrid wa upande wa Roma anazungumza badala ya askofu Agilbert na kumtaja Petro mwenye funguo, Cedd anakalimani. Oswiu anauliza kama Columba alipewa mamlaka kama hayo, Colman anajibu hapana, na hukumu inaupa ushindi upande wa Roma. Darasa linaishia hapo, nako ni kukata mapema: Colman aliondoka na watawa wake, na Iona yenyewe haikubadili Pasaka hadi 716. Kunyoa utosi, yaani mtindo wa watawa wa kunyoa nywele, kulikula nusu saa nzima. Dakika kumi zingetosha, zilizobaki zikaenda Iona.

Jedwali limechapwa kwa herufi ndogo mno na namba 16 imefifia. Andika mwenyewe 21 Machi pembeni. Kaa viti vya mbele, na beba penseli yenye kifutio.