Uzoefu wangu: matembezi ya Fort Jesus hadi Lighthouse, Mombasa

Nyota nne. Ya tano nimeizuia, na sababu iko huko mwisho wa matembezi.

Nilipata wageni kutoka bara, nikawalipia kiongozi wa watalii badala ya kuwatembeza mwenyewe. Ndani ya ngome kijana yule ni hodari, tena hana maneno ya kukariri. Alitupandisha ukutani akatuonyesha jinsi Cairati, msanifu kutoka Italia, alivyozipanga buruji, yaani ngome ndogo zinazochomoza kwenye kona za ukuta, kwa pembe: ukiwa kwenye moja waona ubavu wa mwenzake, basi adui akifika chini ya ukuta hana pa kujificha. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, na handaki lake likachongwa humo humo mwambani. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, na kilichowamaliza zaidi Wareno na wenzao waliokuwa ndani ni njaa na maradhi. Hapo wageni wangu walinyamaza kidogo. Habari za jela, iliyokuwa humo hadi 1958, alizipitia haraka, na mimi sikudai zaidi.

Tulipofika Lighthouse, mambo yakapoa. "Huu ndio mnara wa taa, pigeni picha," basi! Na hapo Ras Serani ndipo penye utamu kwa mtu apendaye majengo yenye kazi. Meli za bandari ya Kilindini huingilia kati ya miamba miwili, Leven kaskazini na Andromache kusini. Taa za kuongozea meli hufanya kazi kwa jozi, ya mbele chini na ya nyuma juu. Nahodha akiziona zimepangana wima, yuko njiani sawasawa. Zikiachana, ajue anakwenda kando. Jengo la aina hii sifa yake ni mahali liliposimama, wala si nakshi. Ikabidi nieleze mimi, na pesa nimeshatoa.

Mnara wenyewe hatukuupanda. Tuliishia kwenye viazi karai na madafu chini ya mibuyu, na wageni wakasema hapo ndipo walipopapenda kuliko kote. Sawa.

Nendeni alasiri, jua likishapoa. Njia ya kando ya bahari, tangu ilipokarabatiwa 2019, hata wazee wanaiweza. Na mkipatana bei, ulizeni mapema kama tikiti ya ngome imo ndani. Yetu haikuwemo.