Yasmin ananigombanisha na watu: uzoefu wangu na Vuta N'kuvute

Vuta N'kuvute ni riwaya ya mapenzi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila ninapolisema mbele ya watu hapa Moshi naambiwa sikukielewa kitabu. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia waziwazi kwamba Adam Shafi aliandika riwaya ya ukombozi, na kwamba hayo mapenzi ya Yasmin na Denge ni asali tu ya kumezea dawa chungu. Dada mmoja msusi wa Majengo, aliyeazima nakala yangu akairudisha imekunjwa kona karibu kila ukurasa, analalamika kinyume chake: siasa nyingi, vikao vingi, na wapenzi wenyewe hawaachwi wakakaa pamoja wakatulia. Wote wawili wamekisoma mpaka mwisho, na wote wawili wana hasira nacho.

Kwa ambaye hajakisoma, kitabu kilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na hadithi yake iko Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Raza, mwenye duka wa miaka 52. Anapelekwa Mombasa, maisha yanamshinda, anatoroka na kurudi Unguja. Ndugu zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, rafiki yake wa tangu utotoni, Mwafrika maskini anayeishi Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, akarudi na elimu yake bila kazi, na sasa anaendesha harakati za siri dhidi ya serikali ya kikoloni huku Inspekta Wright na Koplo Matata wakimnyemelea. Mwisho siusemi.

Wengi wetu wa bara tulikutana na riwaya hii kidato cha tano na cha sita, na naamini huko ndiko ubishi ulikoanzia. Mwanafunzi anakwenda steshenari, ananunua uchambuzi uliotolewa kopi, na humo Yasmin ameshawekwa chini ya "nafasi ya mwanamke katika jamii" na Denge chini ya "ukombozi". Anafanya mtihani, anafaulu, na miaka inapita akiamini amekisoma kitabu. Mwalimu wetu alitulazimisha kusoma riwaya yenyewe, namshukuru mpaka leo, lakini hata yeye alituuliza dhamira na wahusika. Hakutuuliza hata siku moja kama Denge anampenda Yasmin. Nilipokirudia nikiwa mtu mzima mwenye ndoa yangu, hilo ndilo swali nililotaka lijibiwe kabla ya mengine yote.

Tuna kikundi cha kusoma. Tunakutana Jumapili mchana baada ya ibada, nyumbani kwa mmoja wetu kule Soweto. Nilipopendekeza Vuta N'kuvute nilitarajia tubishane kuhusu Denge, kumbe tukakwama kwenye ndoa ya Raza tangu kikao cha kwanza. Mama mmoja mtu mzima, aliyelea watoto na wajukuu Kibosho kabla ya kuhamia mjini, alisema Yasmin alipaswa kuvumilia.

"Mwanangu, mume hakumnyima chakula, hakumnyima nguo. Sisi tuliolewa na watu tusiowajua na tukawazoea."

Binti aliyekaa karibu naye akamjibu kwa upole: "Nisamehe, mama yangu. Wewe ulizoea, na Mungu akubariki. Lakini huyu ni mtoto, na mumewe ana umri wa kumzaa."

Mama hakukasirika. Alisema tu kwamba zamani hakuna aliyehesabu miaka. Hapo ndipo mmoja wetu anayefanya kazi za sheria alipotukumbusha kwamba miaka 15 ilikuwa imehesabiwa, tena kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, iliweka umri wa kuolewa kwa msichana kuwa miaka 15, wakati mvulana alitakiwa afikishe 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kwamba kifungu hicho pamoja na kile cha 17 vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Sheria hiyo haiihusu Zanzibar, na Yasmin aliozwa enzi za mkoloni, kwa hiyo si kwamba riwaya inaizungumzia. Lakini baada ya maelezo hayo hakuna aliyeendelea kusema kwamba tunasoma habari za kisiwani na za zamani.

Na bado mama yule alikuwa na hoja. Aliyempa nguvu ya kumtetea Raza ni mwandishi mwenyewe. Raza hakuchorwa kama mnyama. Anampenda mkewe kwa namna anayoijua, anataka kumridhisha, na unamwona anavyohangaika. Wapo waliosema huo ni udhaifu, kwamba mwandishi anamwonea huruma mtu asiyestahili. Mimi naona hapo ndipo penye ufundi mkubwa kuliko popote pengine katika riwaya hii. Angempa Raza fimbo mkononi, sote tungemlaani bila kufikiri, tukafunga kitabu tukiwa na amani. Badala yake anakupa mume mpole kisha anakuacha uone kwamba hata upole wake haumsaidii mtoto aliyewekwa kitandani kwake na wazazi. Wanaume wawili wa kikundi chetu walikiri kwamba waliona uchungu kwa ajili ya Raza, na nadhani walisoma vizuri. Uchungu huo hauihalalishi ndoa yenyewe.

Sasa Denge. Kama kuna mhusika anayepewa sifa asizozifanyia kazi, ni huyu. Wanaume wanampenda kwa sababu ni shujaa, wasichana wanampenda kwa sababu Yasmin anampenda. Msusi wangu wa Majengo hampendi hata kidogo, na kwa hili niko upande wake zaidi kuliko upande wa mwalimu. Mwanamke ameacha ndoa, amekataliwa na ukoo, anakaa kwenye chumba cha kuazima, na mtu aliyempa moyo wake anakuja usiku na kuondoka usiku kwa sababu kuna kikao. Anapotaka kuzungumza habari zao wawili, anapewa habari za ukoloni. Kuna kurasa ambako hotuba za Denge ni ndefu kupita kiasi, na hapo sina utetezi: mwandishi amemwacha mhusika azungumze na msomaji badala ya kuzungumza na Yasmin.

Lakini mwalimu naye ana jambo. Alinitaka nitazame jinsi polisi wanavyojaribu kumtumia Yasmin ili wampate Denge. Pale ndipo utakapoona kwamba siasa haikupachikwa juu ya mapenzi. Serikali yenyewe imeingia chumbani. Mapenzi ya hawa wawili yamekuwa njia ya kumkamata mtu, na Yasmin, ambaye hajawahi kuhudhuria darasa lolote la siasa, ndiye anayetakiwa kuamua. Nilipozisoma tena kurasa hizo nikijua hilo, nilisikia moyo ukinienda mbio, na niliacha kuhesabu vikao.

Hadithi ya mapenzi ya zama zilizopita inanipendeza pale tu zama zenyewe zinapokuwa na uwezo wa kuwazuia wapenzi. Kama ukibadilisha mavazi na taa ukapata hadithi ileile, basi historia ni pambo. Hapa hutaweza. Zanzibar ilikuwa chini ya hifadhi ya Uingereza tangu 1890, na serikali ile iligawa watu kwa asili zao, mpaka viti vya Baraza la Kutunga Sheria vikawa vinagawiwa Waarabu, Wahindi na Waafrika. Mji wenyewe uligawanyika: Mji Mkongwe upande mmoja, Ng'ambo upande wa pili, na katikati mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa. Yasmin anapovuka kwenda kwa Mwajuma anavuka yote hayo kwa mpigo mmoja. Halafu kuna kitu ambacho msomaji anakijua na wahusika hawakijui. Uhuru utakuja tarehe 10 Desemba 1963, na mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi. Kila Denge anapoizungumzia kesho, mimi najua kesho hiyo itakuwa na nini kwa binti wa Kihindi, na hilo linaniumiza hata pale ambapo kurasa zenyewe zina furaha.

Maoni yaliyonifikirisha kuliko yote hayakutoka kikundini. Yalitoka kwa mzee mmoja mwenye duka la vitambaa katikati ya mji, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Moshi, baba yake pia. Aliniona na kitabu, akauliza, nikamwazima. Alipokirudisha alinikaribisha kiti na kusema, "Dada, hadithi ni nzuri. Lakini sisi wote ni Raza?" Aliona kwamba wazazi wa Yasmin na mjomba wake wanapewa kazi moja tu ya kufunga milango, na hakuna anayeingia ndani ya nyumba yao kuuliza wanaogopa nini. Alisema yeye mwenyewe alikuwa na shangazi aliyeolewa na mtu wa kabila la hapa, na kwamba nyumbani kwao kulikuwa na kilio cha miezi, lakini kulikuwa pia na bibi aliyekuwa akimpelekea shangazi chakula kwa siri.

Nimelifikiria sana hilo na nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Adam Shafi anajua kila uchochoro wa Ng'ambo, anajua wanachokula, wanavyotaniana, wanavyoimba, na ukisoma unakuwa umekaa nao barazani. Kwa Wahindi anabaki mlangoni, isipokuwa kwa Yasmin, na kidogo kwa Raza. Kwa riwaya inayopinga watu kutazamwa kwa asili zao, hilo ni pengo. Ndiyo maana nikiulizwa nyota natoa nne, sitoi tano. Mwalimu, nilipomweleza, alisema riwaya moja haiwezi kubeba kila mtu. Sikuridhika na jibu lake, na nilimwambia.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Ni Kiunguja kilichokolea, na msomaji wa huku atapunguza mwendo kurasa za mwanzo. Usikimbie. Baada ya sura chache sikio linazoea, na majibizano ya Mwajuma peke yake yanalipa jasho lote.

Maana Mwajuma ndiye niliyetaka kumfikia. Katika ubishi wote huu wa nani anampenda nani, watu wanamsahau. Wengine wamemsahau kwa sababu walianza na filamu ya Amil Shivji, ile ya mwaka 2021 iliyoonyeshwa Toronto na baadaye ikapelekwa na Tanzania kushindania Oscar. Filamu nimeipenda, ina utulivu na picha zake zinakaa machoni, lakini macho yake yako kwa wapenzi wawili. Kwenye kitabu Mwajuma ana nafasi pana zaidi. Wazazi wa Yasmin walikuwa hawataki hata acheze naye, lakini siku Yasmin anapobisha hodi hakuna maswali wala masimango. Anapewa mahali pa kulala, anafundishwa kuishi na watu, anarudishiwa kicheko. Yule mama wa Kibosho, aliyesimama na Raza tangu mwanzo, alisema jambo lililobadilisha mazungumzo yetu yote: kwamba kama Mwajuma asingekuwepo, Yasmin angerudi kwa mumewe ndani ya wiki, na tusingekuwa na Denge wala riwaya. Binti aliyekuwa akibishana naye aliinuka akamkumbatia.

Ubishi kuhusu mwisho wa kitabu bado haujaisha hapa kwetu. Waliotaka harusi wana lao, waliotaka ukombozi wana lao, na yupo aliyeniambia alirudia kurasa za mwisho mara mbili akidhani amekosea. Mimi nautetea mwisho ule. Unamwacha Yasmin akiwa ni mtu, mwenye maisha ya kuendelea nayo, na haumtumii kama zawadi ya shujaa. Msichana aliyeanza kitabu akiwa mali ya kuhamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine, mimi sikutaka amalize akiwa tuzo ya mtu yeyote, hata kama mtu huyo ni Denge.

Kwa wazazi wanaoniuliza kama wampe binti yao: aliye sekondari ya juu mpe bila wasiwasi, wa chini ya hapo soma naye, maana kuna mambo ya kitandani, na kuna ndoa ile ya mwanzo ambayo mtoto hapaswi kuisoma peke yake. Nunua kitabu chenyewe, uchambuzi uache steshenari. Na akimaliza, kabla hujamuuliza dhamira, muulize anampenda nani humo ndani na kwa nini.