Vidonge vya vitamini E vya uniti 400: vitamini hiyo ilifaa kwa panya, si kwa mgonjwa wa moyo

Vidonge hivi humezwa kwa urahisi, lakini dai la kibandiko kwamba hulinda mishipa ya moyo sikubaliani nalo. Chimbuko lake ni la kweli: mwaka 1987 watafiti walionyesha kwamba probukoli, dawa inayozuia mafuta ya damu yasiharibiwe na oksijeni, ilipunguza utando wa mafuta katika ateri za sungura wa Watanabe, ambao huzaliwa na lehemu (kolesteroli) nyingi mno, na mwaka 1998 vitamini E, ambayo nayo huzuia uharibifu huo, ikaleta matokeo yanayofanana kwa panya waliobadilishwa jeni. Hata hivyo, sungura walianza kutibiwa wakiwa wadogo, kabla ugonjwa haujakomaa, ilhali wanunuzi wengi ni watu wazima ambao ateri zao zimekuwa zikisinyaa kwa miaka mingi. Utafiti wa HOPE, uliotangazwa mwaka 2000, uliwapa wagonjwa kipimo hikihiki cha vitamini E kwa takriban miaka minne na nusu, na hakikupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Mwenye lehemu nyingi afadhali anunue statini, yaani dawa za kupunguza lehemu, alizoandikiwa na daktari. Na anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asivimeze vidonge hivi kabla ya kumwuliza daktari, kwa kuwa vinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.