Nyundo ya Schmidt aina ya N: inunue, lakini haioni ndani ya slabu

Kwenye saiti nyingi za Nairobi, mwenye jengo akianza kushuku slabu, kifaa cha kwanza kuletwa ni nyundo ya Schmidt, inayopima ugumu wa uso wa zege. Aina ya N, ile ya kawaida, ni kifaa kizuri sana. Haihitaji umeme, inabebeka mkobani, na ikitunzwa inadumu miaka. Tatizo ni kwamba inaombwa ushahidi isioweza kuutoa.

Ndani yake spiringi inarusha chuma kwa nishati ya takriban 2.2 Nm, kisha kipimo kinaonyesha chuma hicho kimerudi kiasi gani. Zege ngumu hurudisha zaidi. Ila pigo hilo linapima sentimita 3 hivi za juu tu. Slabu ya milimita 150 inaweza kuwa na uso mgumu uliopigwa mwiko vizuri, na chini yake, pale nondo zilipobanana juu ya boriti na poka (mashine ya kutikisa zege mbichi ishikamane) haikupenya, kokoto zimeshikana kwa shida, uji wa saruji haukufika. Nyundo itasoma 38, namba ya zege nzuri, juu ya uwazi huo, na ripoti itaandikwa kwamba slabu ni salama.

Matumizi yenyewe hayana ugumu. Igonge kwanza kwenye fuawe yake ya majaribio: isome 80, isipungue wala kuzidi kwa zaidi ya 2. Ikikosa, ipelekwe kusafishwa na kurekebishwa kabla ya kazi. Sugua uso kwa jiwe hadi ute wa saruji utoke, kisha piga mara 10, kila pigo likiwa angalau milimita 25 kutoka kwa jingine. Kwa utaratibu wa ASTM C805, kiwango cha Marekani cha kipimo hiki, somo linalopishana na wastani kwa zaidi ya 6 linatupwa. Yakizidi mawili, seti nzima inafutwa. Andika pia ulipiga ukielekea wapi. Zege ile ile husoma juu zaidi ukiipiga kutoka chini ya dari kuliko ukisimama juu yake, kwa sababu uzito wa chuma unasaidia kurudi.

Slabu za matofali matupu, yaani matofali yenye uwazi yaliyopangwa kati ya mbavu za zege na kufunikwa kwa tabaka la zege, ni mtego mkubwa zaidi. Aina ya N inahitaji zege yenye unene wa angalau milimita 100, na tabaka la juu ya matofali mara nyingi ni nusu ya hapo. Linatikisika na namba inashuka bila kosa lolote la zege. Hata kugonga kwa nyundo ya mkono kutafuta mlio mtupu hapo hakusaidii, maana tofali lenyewe ni tupu. Pima kwenye mbavu.

Kutafuta uwazi wa ndani, lipia kipimo cha mawimbi ya sauti, 54 kHz, kichwa cha kutuma wimbi upande mmoja wa slabu na cha kupokea upande wa pili, vyote vikipakwa grisi. Wimbi likivuka milimita 150 kwa mikrosekunde 36, mwendo ni kama 4.2 km/s: zege nzuri. Likichukua 55, mwendo ni 2.7, na hapo pana kasoro ya kuchunguzwa. Unene upimwe kweli, usichukuliwe kwenye mchoro. Slabu ikiwa 140 badala ya 150, jibu linapotoka kwa asilimia 7. Msimu wa mvua uwe makini zaidi: unyevu hushusha namba ya nyundo na kuharakisha wimbi.

Jedwali la nguvu lililobandikwa kwenye nyundo halikutengenezwa kwa kokoto za Mlolongo wala mchanga wa Machakos. Litumie kulinganisha sehemu na sehemu, kisha kata vipande vya silinda pale namba zilipo mbaya na pale zilipo nzuri, vikapondwe maabara Industrial Area. Kabla ya kukata, tafuta nondo kwa kitambua chuma, na tundu lizibwe kwa grauti (uji wa saruji wa kuzibia) isiyosinyaa.