Kipimo cha kreatinini Bukavu: tunakikubali, ila karatasi yake ina pengo

Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, na kipimo chake huonyesha kama figo zinafanya kazi. Iwe wilaya ya Ibanda au ya Kadutu hapa Bukavu, huduma ni ileile: unatolewa mililita chache za damu kwenye mshipa, kisha unapewa karatasi yenye namba moja na kando yake kiwango cha kawaida, mara nyingi 0,6 hadi 1,2 mg/dl. Kabla ya kuchomwa jentamisini (antibiotiki) au kuanza metformini (dawa ya kisukari), pesa ya kipimo hiki haipotei bure. Tatizo ni hiyo karatasi: mara nyingi haina umri wala kilo.

Chukua 1,2 ya kijana wa miaka 25 mwenye kilo 70, na 1,2 ya bibi wa miaka 70 mwenye kilo 45. Labo inawaandikia wote "kawaida". Sasa tumia hesabu ya Cockcroft na Gault, inayokadiria figo zinasafisha mililita ngapi za damu kwa dakika: 140 toa umri, zidisha kwa kilo, gawa kwa 72 mara kreatinini; kwa mwanamke, zidisha tena kwa 0,85. Kijana anapata kama 93 ml kwa dakika, bibi 31. Misuli ya bibi imepungua, anatengeneza kreatinini kidogo, basi figo zake zilizochoka hazionekani kwenye namba.

Jentamisini karibu yote hutoka na mkojo bila kubadilika. Figo zenye afya huondoa nusu yake kwa saa 2 au 3. Figo zikisimama, kuondoa nusu hiyo huweza kuchukua zaidi ya siku nzima. Bibi akichomwa kama kijana, dawa ya jana inakutana na ya leo, inaumiza figo zilezile na sikio la ndani, na uziwi huo mara nyingi hauponi. Dozi ya kwanza haipunguzwi. Kinachorefushwa ni muda kabla ya sindano ya pili. Metformini haianzishwi chini ya 45 ml kwa dakika, na chini ya 30 inasimamishwa.

Namba yenyewe pia hudanganya. Kotrimoksazoli, antibiotiki nyingine, huziba njia ya kreatinini kwenye mirija ya figo, namba ikapanda bila figo kuumia. Kwa mgonjwa wa kipindupindu ni kinyume: figo zimeshazimika, namba inakuja kupanda kesho au keshokutwa, kwa hiyo pima tena.

Labo yenye mzani, inayoandika umri na kilo kwenye karatasi, ndiyo ya kurudia. Kwingine, jipime uzito siku hiyohiyo, andika kilo kwa mkono pembeni ya matokeo, ndipo umpelekee munganga (daktari).