Aspire Nautilus: tanki la mvutaji wa taratibu

Kama unavuta vepu (sigara ya kielektroniki) kwa mtindo wa sigara, yaani mvuke unakaa kwanza mdomoni ndo unashuka kifuani, hili tanki, yaani kile kikopo cha vepu kinachobeba juisi (kimiminika kinachogeuka mvuke), ni lako kabisa. Ile Nautilus ya zamani inabeba mililita 5, ina koili (kile kiwaya kinachopasha juisi moto) ya ukinzani wa omu 1.8 na pale chini kuna ringi yenye matundu manne ya hewa, la kwanza ni dogo mno mpaka shavu linaingia ndani ukivuta, mi naona la pili ndo tamu. Wati 10 hadi 14 zinatosha, betri inakaa na juisi haiishi ovyo. Kujaza sasa ndo kero, unaigeuza kichwa chini, unafungua kitako, unamimina pembeni ya kioo, usimwage kwenye bomba la katikati utakunywa juisi hahaha. Koili mpya iache kwanza pamba yake ya ndani ilowe juisi, la sivyo ni ladha ya kuungua tu. Ila wale wa mawingu mazito ya mvuke, wazee wa koili za chini ya omu 1, hapa mtaboreka, tafuteni tanki la hewa nyingi na mpunguze nikotini maana nikotini ya kiwango cha Nautilus kwenye tanki hilo itawakaba koo.