Mafunzo ya mbwa Raskazone, Tanga: Popo amerudi, na bado ni wetu

Nilimpeleka Popo kwa shingo upande. Ni mbwa wa kienyeji, sikio la kushoto limekatika, na wanangu wamemlea tangu hajafumbua macho. Ila banda letu la kuku hapa Pongwe lilivunjwa mara mbili ndani ya mwezi, naye alikuwa akimchangamkia kila aingiaye uani.

Niliogopa kurudishiwa mnyama mkali asiyetujua. Nilipomwambia mkufunzi, mzee aliyestaafu jeshi, alinivutia kigoda akanisimulia habari za mbwa aitwaye Chips. Mwaka 1942 familia za Marekani zilitoa mbwa wao wa nyumbani wakatumike vitani, na akina Wren wa Pleasantville, New York, wakamtoa huyo. Julai 1943, ufukweni Sicily, alimponyoka askari wake, akakivamia kibanda kilichokuwa kikiwamiminia risasi. Waitaliano wanne wakasalimu amri. Akatunukiwa nishani, baadaye wakamnyang'anya kwa kuwa ni mnyama. Hilo limeniuma kweli. Lakini vita vilipokwisha, mbwa wale walifundishwa upya kuishi na watu kabla ya kurudishwa makwao, na Desemba 1945 Chips akarudi kwa akina Wren.

"Na wako tutamkabidhi hivyohivyo, mama," akasema.

Wiki nne, shilingi 200,000, dona na dagaa juu yangu. Wiki ya mwisho aliwaita watoto. Kijana mgeni akamnyooshea Popo kipande cha nyama. Udenda ulimtoka hadi mchangani, lakini hakukigusa; aligeuza shingo akamtazama mwanangu wa miaka 7. Yule mtoto akasema "kaa" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Popo akakaa, mkia ukifagia mchanga.

Yapo ya kurekebisha. Mabanda hayana kivuli cha kutosha mchana, na Popo alirudi na kupe masikioni. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa nilikitoa mwenyewe, hakuna aliyekiuliza. Hili warekebishe upesi, kuna watoto pale.

Ukienda, kubaliana nao siku za makabidhiano kabla hujalipa, na watoto wawepo.

Juzi saa nane usiku alibweka mara tatu, kisha kimya. Nilitoka na tochi. Kuku wote 19 walikuwepo, na Popo alikuwa amesimama mlangoni kwa watoto, manyoya ya mgongo yamemsimama.